Jino la Mwenye Nyumba

Jirani yetu, Mama Habari, anasema baba yangu alifungwa mdomo. Anasema aliona kwa macho yake mawili, na hayo mawili anayataja kama vile sisi wengine tuna moja moja. Kwa maelezo yake, asubuhi ile mnadi wa meza ya pili alipita nyuma ya baba akanyunyiza kitu kama unga juu ya robota la mashati. Baba alipokata mikanda ya robota na kuvuta pumzi ili aanze kunadi, sauti ikaingia ndani badala ya kutoka nje. Ikakwama humo. Ndipo shavu likavimba hadi jicho likajifunga, maana sauti ilikuwa inatafuta pa kutokea.

"Na sauti kama ile ya Spika," humalizia, "unadhani ingekaa humo ikatulia?"

Mimi nilikuwepo. Unga sikuuona. Ila kuhusu mdomo kufungwa, Mama Habari hakukosea sana. Ulifungwa kweli. Asichokijua ni nani aliufunga na kwa kitu gani, na hata mimi niliyekuwa nakula naye kila siku nilichelewa kukijua.

Baba ni mnadi wa nguo za mitumba. Yeye husimama juu ya meza, mimi chini pembeni ya lundo. Robota likikatwa mikanda nguo hulipuka zenyewe kama mkate uliozidi hamira, na kazi yangu ni kuzichambua haraka: za juu huku, za kati huku, za kufutia nyuma. Halafu nampa moja moja, kola kwanza, ili akiipokea aikung'ute ifunguke mbele ya watu. Hatazami chini. Mkono unashuka, unakuta shati, unapanda.

"Shati, shati, shati! Shika, nyoosha, jaribisha! Shati la shughuli, shati la shemeji, shika ushinde!"

Watu walikuwa wanakuja kumsikiliza tu, wakajikuta wamebeba mashati. Ndiyo maana wakamwita Spika. Na mimi jina langu nimelipata hapo hapo mezani. Nguo ikibaki moja, baba huimba, "La mwisho, la mwisho, la mwisho!" Mimi ni kitinda mimba. Mama aliniambia kwamba siku niliyozaliwa baba alitoka nje akatangazia barabara nzima, "Wa mwisho, wa mwisho, wa mwisho!" Basi nikawa Wamwisho. La kwenye cheti cha shule sina hakika kama baba analikumbuka.

Meno yake ya mbele ya juu hayakuwa yake. Alianguka kutoka kwenye lori akiwa kijana, robota likamfuata, likamwangukia usoni. Akatengenezewa kipande chenye meno ya bandia, rangi ya fizi, chenye viwaya viwili vya kukishikiza kwenye meno ya pembeni. Jino la upande wa kulia lilishatoka zamani, kwa hiyo kipande chote kilikuwa kinashikwa na jino moja tu, la chonge, upande wa kushoto. Baba alikuwa analiita Mwenye Nyumba. Yale ya bandia aliyaita wapangaji.

"Mwenye Nyumba akihama," alikuwa akisema, "wapangaji wote barabarani na magodoro yao."

Tulicheka. Lakini bila meno hayo hakuna aliyewahi kumwona isipokuwa mama, na mama hayupo tena. Kila asubuhi aliyaosha bombani nyuma ya nyumba, uso ukutani, taulo kichwani. Ukimwita wakati huo haitiki. Anasubiri hadi amalize, ndiyo anageuka na kusema, "Naam, nani ananitafuta?" kwa sauti yake ya mezani.

Sasa Mwenye Nyumba akaanza kutikisika. Baba hakusema, ila niliona anatafuna upande mmoja, na akinadi anabana mdomo wa juu kama mtu anayezuia kicheko. Siku moja sokoni, katikati ya "shika ushinde", kipande kikachomoka. Kikaruka, kikatua juu ya lundo, kwenye blauzi ya maua, kikabaki kinacheka peke yake.

Baba hakujua kama aendelee au anyamaze. Akaendelea.

"Thati," alisema. "Thati la..."

Watu walivunjika mbavu. Mmoja akapaza sauti, "Spika, mashati tunayo, sisi tunataka hayo mathati!" Mwingine akasema apewe thati la mikono mirefu. Mnadi wa meza ya pili alishuka mezani kwake kabisa ili acheke vizuri.

Nilikifunika kile kipande na shati, nikakikunja ndani, nikampa baba kama ninavyompa siku zote, kola kwanza. Alipokea bila kutazama chini. Akageuka, akakirudisha. Muda uliobaki siku hiyo aliuza kwa kuonyesha bei kwa vidole, hakunadi tena.

Kesho yake akaja mezani kipande kimetulia kama kimeota. Akanadi hadi mishipa ya shingo ikasimama. "Wapangaji wamelipa kodi!" alinitania akiinama kupokea sketi. Nilifurahi, lakini mimi nina tabia ya kuangalia vitu. Niliona haendi tena bombani na taulo. Na akiinama karibu yangu, pumzi yake ina harufu kali, ya kama viatu vipya. Nikadhani ni lile robota la raba tulilofungua.

Halafu maumivu yakaja. Kwanza alikuwa anapiga kelele za mnada huku ameshika shavu. Akabana karafuu. Akasukutua maji ya chumvi hadi chumvi ikaisha ndani. Shavu likavimba, ngozi ikang'aa, jicho la kushoto likawa mstari. Hapo ndipo Mama Habari alipoingia na habari yake ya unga, akaongeza na nyingine.

"Na msije mkathubutu kuling'oa," alisema, amesimama mlangoni na beseni la nguo kiunoni. "Jino la juu limeshikana na jicho. Mshipa ni huo huo mmoja. Wanaling'oa, jicho nalo linafuata. Tena likiwa limevimba ndiyo kabisa."

"Unamjua aliyepofuka hivyo?" nikamuuliza.

"Watu wapo."

Nilimpeleka baba kwa daktari wa meno. Ni mwanamke mfupi, anafanya kazi amesimama juu ya kigoda, na kiti chake cha wagonjwa kimepasuka kwenye mkono, kikafungwa bandeji kama mgonjwa mwenzao. Alimwangalia baba kwa nje, akamgonga gonga shavuni kwa kidole.

"Mzee, hili jino linaweza kuokolewa," alisema. "Nitalitoboa, usaha utoke, nisafishe mzizi, nizibe. Utakuja mara kadhaa. Lakini toa kwanza hayo ya bandia, nione."

Baba akatikisa kichwa.

"Siwezi kufanya kazi mlango umefungwa, mzee wangu."

"Nipe dawa tu," baba akasema. Meno hakuyafungua sawasawa.

"Daktari," nikasema, "baba huwa hayatoi mbele ya watu."

"Wewe toka nje basi."

Nilitoka. Nilikaa kwenye benchi, nikasikia daktari anabembeleza, kisha anafoka, kisha kimya. Baba akatoka na vidonge mkononi. Daktari alinifuata hadi mlangoni. "Ayatoe nyumbani, arudi kesho. Kesho, binti, siyo wiki ijayo. Sasa hivi tunachagua kuokoa au kung'oa. Akikaa, jino litatuchagulia."

Kesho yake baba alikataa kwenda. Nikamwambia, baba, yatoe basi, nitageuka ukutani, nitavaa taulo mimi. Akacheka kidogo, machozi yakamtoka kwa maumivu ya kule kucheka. Hakuyatoa. Keshokutwa yake nilimkuta amekaa kitandani, mate yanamchuruzika, mwili unachemka. Maji hayapiti. Nilimpa kwa kijiko, yakarudi yote kifuani. Uvimbe ulikuwa umepanda hadi kwenye paji la uso na jicho la pili lilikuwa linaanza kuwa dogo.

"Baba, leo twende hata kwa kukubeba."

"Funga robota," alinijibu. "Mvua hiyo."

Hapakuwa na mvua. Jua lilikuwa limejaa chumba kizima.

Nilikimbia kwa fundi viatu, rafiki yake wa tangu ujana, aje tusaidiane kumbeba. Kibanda chake kipo kona ya mtaa wetu. Nilipofika karibu yake pua yangu ikasimama. Harufu ile ile. Kopo lilikuwa wazi mbele yake, na kijiti kimechomekwa ndani.

Alikuwa amebana misumari midogo midomoni kama kawaida yake. Alinitazama ninavyolitazama lile kopo, akaitema misumari mmoja mmoja kiganjani.

"Bado tu hajayatoa?" aliuliza.

"Kwa nini, Fundi?"

"Wamwisho, mimi nilimkatalia. Haki ya Mungu nilimkatalia. Akaniambia, wewe unashikisha soli kwa mtu anayetembea kutwa nzima, unashindwa kunishikishia jino ambalo haliendi popote?" Akajifuta mikono kwenye aproni, ikawa inanata. "Akaniambia walimcheka. Akalia, Wamwisho. Baba yako analia kama mtoto akianza. Nikapaka kidogo tu."

"Wapi?"

"Kwenye kile kiwaya. Na kwenye jino. Na..." Akaangalia chini. "Na kwenye fizi kidogo, ili isiachie."

Basi ndiyo hivyo. Hakukataa kuyatoa. Yalikuwa hayatoki. Alikaa kwenye kile kiti, daktari anambembeleza, naye alikuwa anaona aibu kusema. Mimi nikamsaidia kwa kusema huwa hayatoi mbele ya watu.

Tulimbeba, mimi miguu, fundi viatu makwapa. Mama Habari akatusindikiza hadi njia panda, anaendesha maneno: "Mwambieni daktari asiguse jino! Jicho! Mwambieni jicho!"

Daktari aliwasha taa yake, akapanda kigoda, akafunua mdomo kwa kijiti cha chuma. Harufu iliyotoka ilimfanya fundi viatu arudi nyuma hadi mlangoni. Kandokando ya kipande palikuwa na ukoko wa rangi ya asali, mgumu, na fizi iliyozunguka ilikuwa nyeusi.

"Nini hiki?"

"Gundi," fundi viatu akasema, kofia mkononi.

"Nani kafanya?"

"Mimi, daktari."

"Wewe ni fundi wa nini?"

"Viatu."

Daktari alijaribu kukisogeza kipande, hakikusogea hata kwa nukta. "Umeshikisha vizuri," alisema, na ninadhani hajawahi kumwambia mtu neno baya kuliko hilo.

Alinivuta pembeni dirishani. Alisema taratibu, kwa maneno ninayoweza kuyafuata, na mimi niliyafuata yote. Kipande atakikata kwa kisu kidogo cha mota, hilo halina mjadala. Chini yake kuna jino. Siku ile lilikuwa la kuokoa. Leo bado anaweza kujaribu: alitoboe, usaha upite kwa tundu dogo, aliache. Likipona, baba atatengenezewa kipande kingine na kiwaya kitapata pa kushika. Lakini usaha umeshakuwa mwingi na unapanda. Tundu likiziba leo jioni, kesho utakuwa nyuma ya jicho, na nyuma ya jicho pana njia ya kwenda kwenye ubongo.

"Na ukiling'oa?"

"Mlango mpana. Unatoka wote sasa hivi. Hiyo ndiyo ninayoipenda mimi."

"Mtu hapofuki?"

"Anapofuka kwa usaha, siyo kwa kung'oa."

"Halafu meno mengine yatashika wapi?"

Aliangalia nje kabla ya kujibu. "Upande huu hana kitu tena. Fizi zikikauka, baada ya miezi, tunaweza kujaribu seti nzima ya juu, ya kushikwa na fizi zenyewe. Kwa wengine inakaa. Kwa wengine inacheza." Akaniuliza baba anafanya kazi gani. Nikamwambia. Akasema, "Aa."

Alirudi kwa baba, akainama. "Mzee, unanisikia? Nataka kuling'oa."

"Jaribu," baba akasema. "Toboa. Jaribu."

"Homa imekupanda. Unajua leo ni siku gani?"

"Siku ya mashati."

Daktari akanigeukia, uso umekunjamana. Sikujua nicheke au nilie. Ilikuwa kweli siku ya mashati, siku ambayo soko hufungua marobota ya mashati. Mtaa wetu mzima ungemjibu hivyo hivyo.

"Yuko sawa," nikasema. "Hapo yuko sawa."

"Mzee, na mimi ni nani?"

Baba akamtazama kwa lile jicho lililobaki. Akaitazama taa. Mkono wake ukashuka pembeni ya kiti, ukafunguka, ukasubiri. Najua ule mkono. Ulikuwa unasubiri shati.

"Taa," alisema. "Taa safi hii. Nani? Nani anaongeza?"

Mkono ulibaki wazi, na mimi sikuwa na cha kuweka humo. Niliuweka wa kwangu.

"Binti," daktari akasema, "sasa nakuuliza wewe. Nikichelewa kuanza, sitaki baadaye tuulizane."

Nilimwangalia fundi viatu. Alikuwa ameangalia kofia yake. Dada na kaka zangu wako mbali, na simu ya kaka niliyoipiga njiani haikupokelewa. Nilifikiria meza yetu. Nilimfikiria baba juu yake, amebana mdomo. Nilifikiria alivyolia kwa fundi viatu, wakati mbele yangu hajawahi kulia. Kama nikisema toboa, nampa alichoomba, na labda namzika nacho. Kama nikisema ng'oa, namrudisha nyumbani bila sauti, na atajua ni nani aliyeichukua.

Hapo vidole vyake vikanibana. Sijui homa ilifungua mlango kwa dakika moja au vipi. Jicho lake lilikuwa limenikazia mimi, si taa, si mnada.

"Wamwisho," alisema. Alilitamka lote, na ile "sh" yake safi, ingawa mdomo ulikuwa haufunguki. "Usikubali."

Nilimtazama mwanamke aliye juu ya kigoda.

"Ng'oa," nikasema.

Ganzi haishiki vizuri kwenye usaha. Daktari alituambia kabla, na alikuwa mkweli. Kisu cha mota kilipiga kelele, kipande kikapasuka katikati, vumbi la rangi ya fizi likaturukia. Mkono wa baba ulikuwa ndani ya mkono wangu, na ulinishika kwa nguvu, kisha ulipoelewa ni mkono wa nani ukajaribu kutoka. Sikuuachia. Jino lilitoka na kiwaya chake bado kimelikumbatia, gundi haijaachia hata kidogo. Baada yake usaha ukatoka, mwingi, hadi daktari akabadilisha beseni.

Homa ilishuka. Jicho likafunguka polepole, kwanza mstari, halafu nusu, halafu lote, na linaona. Mama Habari alikuja kulikagua mwenyewe, akampungia vidole. "Bahati yenu," alisema. "Yule wa unga lazima amehurumia." Kisha akashusha sauti. "Ila mbona haongei? Si niliwaambia? Jino limetoka, kifungo kimebaki."

Haongei kweli. Anakula nilichoponda, anakunywa, anaoga. Kichwani anatupia taulo, kutwa nzima sasa, hata akiwa chumbani, na ncha yake anaishika mbele ya mdomo. Fundi viatu alikuja, akasimama mlangoni na jozi ya viatu vya baba alivyovipiga soli mpya bila kuambiwa. Baba aligeukia ukuta. Fundi aliviweka chini akaondoka. Havijavaliwa.

Mnadi wa meza ya pili amehamia meza yetu. Upepo ukivuma huku unaleta sauti yake hadi uani. Anaita "shati, shati, shati", ameyachukua hadi maneno, lakini anayaharakisha, hayapi nafasi. Baba akiyasikia anasimamisha kijiko.

Leo nilimaliza kufua, nikaingia na nguo kavu. Alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, uso ukutani. Nilikunja nguo pale miguuni pake, kama kazini: hizi huku, hizi huku. Lililobaki lilikuwa shati lake la buluu. Nikalishika kola kwanza, nikaliinua.

Mkono wake haukushuka.

"Baba," nikasema. "Limebaki moja."

Nje yule mnadi alikuwa anapaza sauti. Nilingoja amalize.

"Sitacheka. Hata likitoka vibaya sitacheka, na sitamwambia mtu. Niite, baba. Mara moja tu. Niite jina langu."

Shati lilikuwa bado mkononi mwangu, limeinuliwa. Ncha ya taulo ilitikisika kidogo kwa pumzi yake, ikatulia.